Walivyomshitaki Mwalimu Sefu kwa Mbelgiji

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Ni siku tuliyomzika Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu, hapa Kasongo, enzi zile Mbelgiji akitutawala na sisi tukiiita serikali yake Leta. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi. Nilisimama nyuma ya ua wa matete pamoja na wanawake wenzangu, tukisikiliza sala ya maiti, na sauti iliyotoa takbira haikuwa ile tuliyoitazamia.

Ngoja kwanza nikueleze habari za mwenye mambo, maana nyinyi vijana mnapenda kurukia nyama kabla ya ugali.

Mwalimu Sefu alizaliwa Nyangwe, kule mtoni. Baba yake alikuwa muungwana, wa ukoo wa watu waliokuja na misafara. Mama yake alikuwa Mubangubangu, wa kabila la huku bara, aliyeletwa mjini na kamba shingoni. Alipokua alivuka ziwa, akasoma Ujiji kwa miaka mingi, akarudi na sanduku la vitabu na kikohozi kisichokwisha. Akafungua chuo, akafundisha watoto Kurani, na mji mzima ukampenda. Kisha akaanza kuifasiri hotuba ya Ijumaa kwa Kiswahili ili hata mkulima aielewe. Wazee wakaguna. Akawaita wasichana wasome, nami nikiwemo. Wakaguna zaidi. Halafu akasema kwamba mtoto wa mateka akiijua Kurani kuliko wewe, basi asimame mbele na wewe usimame nyuma yake. Hapo hawakuguna tena. Walinyamaza, na mzee akinyamaza ujue ana jambo.

Sitaki kukudanganya, Mwalimu hakuwa malaika. Ulimi wake ulikuwa pilipili, na alipenda kushinda. Aliujua ukweli, lakini hakujua kumngoja mtu aufikie kwa miguu yake mwenyewe.

Basi siku ile ya mazishi, alipotakiwa asalishe, alimshika mkono Feruzi akamsogeza mbele ya jeneza. Feruzi alikuwa mwanafunzi wake hodari kuliko wote, mtu mzima mwenye wake na watoto, lakini babu yake alinunuliwa na babu yetu, na hakuna mtu mjini asiyelijua hilo. Baba alisali, maana maiti haingoji ugomvi. Aliporudi nyumbani uso wake ulikuwa mweusi kwa hasira.

"Mutumwa wetu anasimama mbele ya maiti yetu!" alisema. "Huyu Sefu anatuvua nguo mbele ya watu."

Bibi, mama yake, alikuwa amekaa kwenye mkeka wa matanga. "Rajabu mwanangu," alimwambia, "kama uko na hasira, muende musikitini mubishane mupaka jua lizame. Haya ni maneno ya nyumba."

Baba hakusikia. Matanga yalipokwisha aliwachukua wazee wawili, wakaenda ofisini kwa bwana mkubwa Mbelgiji. Sasa fikiri, mwanangu: Mzungu angejali nini ni nani aliyesimama mbele ya jeneza? Kwa hiyo walitafuta maneno ya kumshtua. Wakasema Mwalimu ametoka kwa Waingereza ng'ambo ya ziwa, anakusanya watu chuoni, anawafundisha kwamba binadamu haimpasi kumwinamia binadamu mwenzake. Yalikuwa na chembe ya kweli ndani yake, na uongo wenye chembe ya kweli ndio unaoua.

Maaskari walimkamata Ijumaa, mlangoni mwa msikiti, viatu vyake bado viko mkononi. Vitabu vyake walivitupa garini kama kuni. Akapelekwa kukaa Kabambare, akaambiwa asifundishe, asikusanye watu, asikanyage tena Kasongo. Siku ile nilikwenda kuwatembelea wazazi wangu, nikawapikia. Baba alikula vizuri sana.

Lakini mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwezi haukwisha, maaskari walewale wakarudi wakafunga vyuo vyote vya mji, na cha Baba pia, alichoachiwa na baba yake. Mbao ambazo watoto huandikia aya walizipasua kwa shoka. Baba akavaa kanzu yake ya Idi akaenda kulalamika. Aliporudi, Bibi alimbana mpaka akasimulia.

Yule Mbelgiji alimsikiliza, akatabasamu, akasema kupitia mkalimani: "Weye mwenyewe ulinielezea mambo wanafundisha ndani ya zile nyumba."

Baba akajitetea kwamba Mwalimu hufundisha sala tu, kwamba wao walisema kwa hasira. Mzungu akaweka kiko chake mezani. "Kama iko vile, ulidanganya Leta. Mutu anayedanganya Leta anapigwa fimbo na anafungwa. Sasa niambie tena: Sefu iko mubaya, ao weye iko muongo?"

"Na weye ulisema nini?" Bibi aliuliza.

Baba akaanza kuivua ile kanzu ya Idi.

"Nakuuliza, Rajabu."

"Nilinyamaza, Mama."

Sijapata kuona mtu akimtazama mwanawe namna ile. "Gerezani mutu anatoka," Bibi alisema. "Kila siku unasema sisi waungwana, sisi waungwana. Muungwana ni kitendo, mwanangu. Kesho urudi, useme kweli."

Kesho yake hakurudi, wala wiki iliyofuata. Kila siku alikuwa na udhuru: mvua, mgongo, mgeni. Nilimpenda baba yangu na nilimwonea haya, na mambo hayo mawili bado yamo kifuani mwangu hadi leo.

Mwalimu alikufa Kabambare katika masika, kifua kilimshinda. Majirani waliogopa kumgusa maiti aliyechukiwa na Leta. Feruzi, aliyekuwa amemfuata kwa siri, alimwosha peke yake, akamkafini, akamsalia peke yake. Kisha akarudi Kasongo kwa miguu na kuja moja kwa moja kwetu, miguu imevimba. Baba alimpa kiti chake mwenyewe. Hakuna mtu wa ukoo wa Feruzi aliyewahi kukikalia.

"Alinitaja?" Baba aliuliza.

"Hapana, Mzee."

"Hata kwa ubaya?"

"Hata kwa ubaya. Aliuliza watoto wa chuo wamefika sura gani."

"Ukamujibu nini?"

"Nilimudanganya. Nilisema wote wamehitimu, muji muzima umekula pilau." Feruzi alifuta uso kwa kiganja. "Akafurahi. Alikufa na ile furaha, Mzee."

Baba alitoka uani akalia mpaka wajukuu wakaogopa. Machozi yale hayakufungua chuo hata kimoja. Wadogo zangu wa kiume walikua bila kujua hata Yasini, na siku tulipomzika Baba walisimama kaburini midomo ikicheza tu, haina aya ya kusoma.

Mwanangu, nawasikia na nyinyi mkigombana huko misikitini na makanisani, nani msomi, nani mpotevu. Gombaneni. Bishana na mwenzako hadi sauti ikukauke, lakini usimpeleke kwa mtu anayewachukia nyote wawili, maana chui akiitwa kuamua ugomvi wa mbuzi hashibi mmoja. Na kama ulimi umekwisha kukuponyoka, usingoje Ijumaa ijayo. Nenda leo ukaseme kweli, hata kama ni kwa fimbo. Fimbo hupona, nimewaona waliopigwa wakapona. Baba yangu hakupigwa, na hakupona.

Mungu akupe elimu, na pamoja nayo akupe subira aliyoikosa Mwalimu na moyo alioukosa baba yangu. Akukinge na shari ya hasira yako mwenyewe. Na ikiandikwa ufie ugenini, asikunyime mtu wa kukuosha. Amina.