Kitovu cha Amiri

Kwao Mbegani, nyuma ya nyumba ya mama yake, upo mnazi unaoitwa mnazi wa Mkasi. Chini yake kimezikwa kitovu cha Mwanamkasi, kama vilivyozikwa vya watoto wote wa ukoo ule, na juu ya kitovu ikapandwa nazi iliyochipua. Alipokuwa msichana, mvivu wa kuchota maji, mama yake, Bi Habiba, alikuwa akimsimanga: "Mwenzio yule kashaangusha nazi tangu asubuhi. Wewe umefanya nini?"

Akaolewa na Shuaibu, mshona nyavu, mtu mpole asiyejua kugomba. Wakamzaa Najma, na kitovu cha Najma nacho kikazikwa palepale, karibu na mnazi wa mama yake. Maisha yalikwenda vizuri tu mpaka Shuaibu alipoanza kuhudhuria darasa la Maalim Bwanausi.

Maalim hakuwa mtu mbaya. Hata leo Mwanamkasi hapendi asemwe. Alikuwa na sauti ya kuliza watu, na alichosema ni kwamba pwani imeharibika, mtu hawezi kulea mtoto katika dini huku baa zinampigia muziki dirishani. Wenye imani wafanye hijra. Wahamie bara, kwenye ardhi aliyopewa huko mbele ya Ubena, wakalime na kujenga msikiti. Na hijra, alisema, haipandi basi. Watakwenda kwa miguu, vyombo vyao kwenye mikokoteni.

"Hijra!" Bi Habiba alisema, mikono kiunoni. "Mtume alihama kwa sababu ya maadui. Nyinyi mnamhama nani? Mimi?"

"Mama, mume wangu anakwenda. Nibaki na nani?"

"Na mimi niliyekuzaa! Mkataa kwao mtumwa, mwanangu."

Mwanamkasi hakuweza kumwambia mama yake kwamba hamfuati mume tu, kwamba sauti ile ilikuwa imemwingia na yeye.

Wakaondoka. Najma alikaa juu ya mkokoteni, kati ya godoro na masufuria, akiona raha kama bibi harusi. Walipoipita Bagamoyo na upepo wa chumvi ukawaacha, aligeuka nyuma.

"Baba, bahari imekwenda wapi?"

"Imelala, mama," Shuaibu alimjibu huku anasukuma.

"Itaamka lini?"

Watu wote wakacheka, na ile ikawa ndiyo hadithi ya safari. Kila mlima mrefu ukiwashinda, mtu anasema, "Haya, bahari itaamka lini?" na mikokoteni inasogea.

Huko walikofika palikuwa na miiba na ardhi nyekundu. Walijenga vijumba vya udongo, wakachimba kisima kikatoa maji ya magadi, wakapanda mahindi yakaliwa na nguruwe pori. Wakwere wa jirani waliwaonea huruma, wakawapa mbegu za mtama. Halafu ikaja masika, na masika ikaja na homa. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto na mto umejaa. Shuaibu alimfunga Najma mgongoni kwa kanga, akazunguka kutafuta kivuko. Mtoto alifia mgongoni, na baba yake hakujua, aliendelea kumsemesha.

Alizikwa ukingoni mwa shamba. Wanawake hawaendi maziko, kwa hiyo Mwanamkasi alisimama mlangoni akasikia majembe.

Baada ya hapo watu wakaanza kurudi pwani, nyumba moja moja, wengine bila kuaga. Maalim alikwenda mjini kutibiwa, asirudi. Msikiti ukabaki umefika madirishani.

Ndipo alipozaliwa Amiri. Bi Habiba alifika kumlea mwanawe arobaini, na chupa ya mafuta ya nazi na uso usiotaka kutazama huku wala huku. Alikanda, alipika uji wa pilipili manga, aliosha nepi. Siku kitovu cha mtoto kilipodondoka, Mwanamkasi akakifunga kwenye pindo la kanga.

"Nipe," Bi Habiba alisema. "Nazi imeshachipua nyumbani, inakingoja."

"Mpe mama yako," Shuaibu naye alisema toka mlangoni. Alikuwa amekonda. "Mama Najma, imetosha. Turudi kwetu. Nimekukosesha mengi."

Kwa mara ya kwanza tangu ndoa ile, mkwe na mama mkwe walikuwa upande mmoja. Wangekuja na maneno haya mwaka mmoja kabla, Mwanamkasi angetangulia kufunga mzigo.

"Kitazikwa hapa," alisema.

"Hapa porini? Wakifukue fisi?" Bi Habiba alishika kichwa. "Mnamsikia? Aliyeletwa kakataa kurudi!"

"Mama, cha Najma kiko wapi?"

Bi Habiba akashusha mikono kichwani.

"Kiko kwako. Yeye yuko huku. Mnaondoka wote, nani atabaki naye? Tukizika hapa kitovu cha ndugu yake, hapa patakuwa kwao. Hatakuwa mtoto aliyefia safarini."

Bi Habiba akakaa chini polepole. Tangu alipofika alikuwa hajaliulizia kaburi. Sasa akauliza liko wapi, akaonyeshwa kwa kidole, maana mwanawe yumo kwenye arobaini hatoki. Alikwenda peke yake. Aliporudi miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu, na alichosema ni hiki tu: "Hamjalipalilia vizuri."

Kitovu akakizika Bi Habiba mwenyewe, pembeni ya kaburi. Arobaini ilipokwisha alirudi Mbegani, na baadaye akaleta nazi iliyochipua, iliyoanguka kwenye mnazi wa Mkasi. Shuaibu alivumilia hadi mavuno, kisha akarudi kwenye nyavu zake. Hakumwacha mkewe, huja na samaki wakavu, hukaa, huondoka. Kila akija huuliza, "Bado?" naye humjibu, "Bado."

Amiri anatembea sasa. Mnazi umemzidi urefu kidogo, lakini majani yake ni ya manjano, na Wakwere wanasema hautazaa, hapa si mahali pake. Mwanamkasi huumwagia maji aliyomwogeshea mtoto, na huuwekea chumvi shinani, kama wafanyavyo watu wanaopanda minazi mbali na bahari.

"Mama, mnazi unakula chumvi?"

"Unakula. Umetoka Mbegani."

Amiri akachovya kidole kwenye chumvi, akalamba, akakunja uso na kuitema.

"Chungu!"

Mama yake akamfuta mdomo kwa pindo la kanga, kisha akainama kuling'oa jani lililoota juu ya kaburi.