Gauni Lililobaki Moja

Kuna watu ukiwakosea wanakusamehe, wanalala usingizi wao. Mama Pindo hakuwa wa aina hiyo, wala hakutaka kuwa. Yeye kisasi alikiweka kama wengine wanavyoweka akiba: mahali pakavu, akikichungulia mara kwa mara kuona kama bado kizima.

Jina la Pindo alilipata kwa sindano. Kabla ya kuwa na duka lake alishona miaka mingi kwenye cherehani ya mtu mwingine, katika chumba kirefu chenye feni moja iliyompepea tajiri peke yake. Magauni ya mafundi wengine yalifumuka pindo mvaaji akipanda ngazi. La Mama Pindo ungeweza kuvutia gari lililozimika. Tajiri alimsifu sana, na sifa ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya mshahara. Siku moja mama akakunja futi yake ya kupimia, akaitia mkobani, akaenda zake.

Akafungua duka mtandaoni. Duka lenyewe, nyie mliozoea milango na rafu msicheke, lilikuwa simu yenye ufa, cherehani dirishani, na ukuta mmoja uliopakwa chokaa upya kwa ajili ya kupigia picha. Mizigo ilipelekwa na mumewe, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache na grisi nyingi. Na ili asiwe anapapasa gizani, mama akajiandikisha chuoni, darasa la jioni la misingi ya biashara mtandaoni.

Mwalimu wake alikuwa mwanamke mrefu, kwa kuvaa humuwezi, akitembea kama sakafu imetandikwa kwa ajili yake. Kazi yake aliijua, tusimnyime haki.

"Mtandaoni mteja hashiki kitambaa," alisema akigonga ubao. "Hajaribu nguo, hakuoni usoni. Kitu cha kwanza anachonunua ni imani. Picha iwe ya kweli, vipimo viwe vya kweli, mzigo ufike siku uliyosema. Na mruhusu arudishe! Kama nguo haijavaliwa na lebo inaning'inia, mpokee, mrudishie pesa yake. Bila maswali."

"Hata swali dogo, mwalimu?" aliuliza Mama Pindo.

"Wewe wa nyuma, hayo maswali yako ndiyo yatakayokufukuzia wateja."

Darasa likacheka. Mama Pindo naye akacheka, maana alikuwa bado hajapata sababu ya kununa. Jioni hiyo hiyo akaiandika sera hiyo kwenye ukurasa wake, neno kwa neno.

Hapo ndipo akajitokeza mteja anayejiita Ua la Mjini. Aliagiza gauni la bluu, likapelekwa hadi dirisha la mapokezi la chuo. Baada ya wikiendi likarudi. "Halinikai," aliandika. Lebo ilikuwa inaning'inia kweli, lakini marashi yaliingia chumbani kabla ya gauni, na kwenye kola kulikuwa na poda ya kutosha kupaka uso wa pili. Mama Pindo akarudisha pesa, akalifua, akaliuza kwa bei ya mtumba. Likaja agizo la zambarau, likarudi na doa la mchuzi. Likaja jeusi, likarudi limelegea makwapani, limechoka kucheza.

Safari hiyo akaandika kwa adabu zote: "Samahani mpendwa mteja, hili gauni halikuvaliwa kweli?"

Jibu likaja mbio: "Ukinisumbua nakupa nyota moja. Na nina watu wengi mjini hapa."

Ukurasa ulikuwa bado mchanga, waliousifu wakihesabika kwa vidole. Nyota moja juu kabisa ingekuwa sawa na mtu kukumwagia taka mlangoni asubuhi ya kufungua duka, na nyuma ya mlango huo hakukuwa na kingine ila kurudi kwa tajiri na feni yake. Akalipa, akaendelea kushona.

Mpaka ile jioni mwalimu alipounganisha simu yake na projekta ili awaonyeshe jinsi mteja anavyoagiza. Ukutani, mbele ya darasa zima, likatokea jina: Ua la Mjini. Na kando ya jina, picha ya mwalimu mwenyewe kwenye sherehe fulani, kajishika kiuno, ndani ya gauni la bluu. Pindo lile Mama Pindo angelitambua hata angefungwa kitambaa machoni.

Akafunga daftari lake, akaenda zake nyumbani.

"Ni mwalimu wangu," alimwambia mumewe walipokuwa wanakula.

"Basi mwambie."

"Simwambii kitu. Nitamvalisha."

Mume akamwangalia, akaamua kwamba sahani yake inahitaji kuangaliwa zaidi.

Wiki hiyo mwalimu alikuwa akijitapa kwamba Jumamosi ni sherehe ya kumuaga mkuu wa chuo, na ukumbi ulioandaliwa ulikuwa ule ambao wahudumu wake wanasimamiwa na wifi yake Mama Pindo. Wawili hawa walikuwa hawapikiki chungu kimoja, lakini mama akafunga safari.

"Wifi, wale wasichana wako bado wanavaa zile fulana zilizochujuka?"

"Umekuja kunicheka nyumbani kwangu?"

"Nimekuja kukushonea sare. Nawe utanilipa kitambaa tu."

"Makubwa! Leo jua limetokea wapi?"

"Bila maswali, wifi. Ila wasizivae mpaka Jumamosi."

Wifi alimkagua usoni, akaona pale kuna utamu, akacheka hadi kanga ikamdondoka begani.

Mama Pindo akashona sare za kijani kibichi, ndefu, kola nyeupe, mkanda mwembamba kiunoni, zimekaa kimalkia. Kisha akashona moja zaidi, kwa vipimo vya Ua la Mjini, akaitundika ukutani penye chokaa, akapiga picha. Mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba mteja akisikia kitu kinakaribia kwisha hupoteza akili, kwa hiyo akaandika chini yake: "Gauni limebaki moja tu." Wala hakudanganya. Gauni lilikuwa moja. Zile nyingine zilikuwa sare.

Chai haijapoa, agizo la Ua la Mjini limeingia.

Jumamosi Mama Pindo alisimama mlango wa jikoni wa ukumbi, pini mdomoni, eti anarekebisha sare zilizokaa vibaya. Mwalimu akaingia na madaha yake yote. Hakufika katikati ya ukumbi.

"Dada, nipunguzie hizi," bwana mmoja akamwekea sahani chafu mikononi.

"Mimi ni mgeni!"

"Binti," bibi mmoja akamvuta mkanda, "choo kiko wapi?"

Akageuka, akaona msichana wa kijani amebeba glasi. Akageuka tena, wa kijani mwingine anafuta meza. Ndipo mkuu wa chuo mwenyewe, macho yake hayaoni mbali, akampungia mkono: "Dada, niletee maji."

"Mkuu, ni mimi! Mwalimu!"

"Sawa, mwalimu. Yasiwe na barafu."

Nyuma ya mlango wifi alikaa chini kwenye kreti la soda, machozi yanamtoka. Mama Pindo hakucheka. Alitazama kila sahani kama mtu anayekunywa maji baada ya kiu ndefu.

Hasira haisubiri. Kabla sherehe haijaisha, ukurasa ukapata nyota moja na maneno marefu: "Duka la matapeli! Nimevaa gauni hili kwenye sherehe nikapewa sahani chafu! Kesho nalirudisha!"

Mama Pindo akajibu palepale, hadharani, wanafunzi wenzake waliokuwa wakifuata ukurasa wakiona: "Mpendwa mteja, pole. Sera yetu inapokea nguo isiyovaliwa. Asante kwa kutuambia mwenyewe kwamba umeivaa."

Wanafunzi wakatumiana, hadi mwalimu naye akajua duka ni la nani. Wenye kumbi wakasoma, wakaangalia picha, wakaanza kuulizia sare.

Darasa lililofuata mwalimu alifundisha akiangalia dirisha. Wengine walipotoka, akamfuata yule wa nyuma, sauti imelainika.

"Dada yangu, tuelewane. Nitafuta yale maoni, nawe upokee gauni."

"Usiyafute, mwalimu," alisema Mama Pindo, akifunga mkoba wake. "Nyota yako inaniletea wateja. Na gauni kaa nalo, limekupendeza. Wifi yangu anasema Jumamosi hii amepungukiwa mhudumu mmoja."