Mbuzi Aliyekula Ramani

Bahari yenyewe Ngatia hajawahi kuiona, na hajali. Miaka ishirini na miwili amekuwa akichoma mbuzi pale Naro Moru, kando ya barabara ya Nanyuki, na wapagazi wakishuka Mlima Kenya humjia yeye kabla hata hawajafika kwao. Wake zao wanalijua hilo, na wamechoka kulisema.

Lakini nyama nzuri haitaki haraka, na watoto wa wateja hawana subira. Siku moja aliwakuta wakiifanya mizani yake pembea. Akawaketisha kwenye benchi, akaanza kubuni uongo. Ati kulikuwa na meli ya maharamia, kapteni wake mbuzi dume, jina lake Ndevu. Aliyekaa juu ya mlingoti kuangalia maadui ni pimbi anayeogopa maji. Mpishi ni kobe, na githeri yake ya mahindi na maharagwe haijaiva tangu watoke bandarini. Sasa Kapteni Ndevu, kwa njaa, akaila ramani ya hazina! Wangemfanya nini? Ramani imo tumboni mwake. Ikawabidi wamtunze kama yai na kumfuata kila alikokwenda, hata alipokuwa amepotea kabisa.

Watoto walicheka mpaka wakaanguka. Kila Jumamosi wakarudi, na kila mnyama waliyemwombea nafasi melini, Ngatia alimpa. Hata ndovu alipanda. Mdomo huponza kichwa, lakini nani angemwambia?

Mwaka ukaisha hivyo. Ndipo Kagure, binti wa mwalimu Phyllis, mwenye miaka saba, alipoletewa mbavu zake. Akaitazama sahani, akamtazama mbuzi aliyening'inia dirishani.

"Guka," akauliza, akimwita babu kwa Kikuyu kama watoto wote, "huyo ni nani yake Kapteni?"

Ngatia alisema ni wa ukoo mwingine, wa mbali sana. Kagure akaisukuma sahani. Jumamosi iliyofuata watoto wanane walizisukuma zao, wawili wakilia, na hakuna mzazi anayetafuna vizuri mbele ya mtoto anayelia.

Phyllis alimwomba kwa adabu amgeuze kapteni awe mbwa. Akajaribu. Watoto walimsikiliza huyo mbwa kama wanavyosikiliza matangazo ya kanisani, kisha mmoja akauliza ramani iko wapi. Mbwa hali karatasi. Hadithi ikafa papo hapo, na benchi likawa tupu kabla nyama haijaiva.

Basi ama mbuzi awe baharini, ama awe motoni. Ngatia aliliwaza jambo hilo wiki nzima, kwa hasira, maana jina lake lote mjini lilikuwa mbuzi. Jumamosi dirishani pakaning'inia paja la ng'ombe. Wapagazi walimuuliza kama ni mgonjwa, na wengine wakavuka barabara kwenda kwa jirani yake. Iliuma, na hakuficha kwamba iliuma. Lakini Kapteni Ndevu alirudi kazini akiwa amenenepa, benchi likajaa, na mbavu za ng'ombe zikaliwa mpaka mfupa ukang'aa.

Kagure alimaliza zake, akafuta mikono kwenye sweta, akamvuta Guka aproni. Alikuwa na ombi dogo. Kapteni hana rafiki wa kweli. Je, hawezi kupata ng'ombe, mmoja tu, mpole, mwenye ndama?

Ngatia alilitazama lile paja dirishani.

"Meli imejaa," akasema. "Nenda nyumbani."