Ufa Niliouendea Nunguni

Nilienda Nunguni kuuona kwa macho ufa niliokuwa nimeshaugundua kwenye kompyuta. Kitui na Nunguni zimekaa juu ya bamba moja la ardhi, la mashariki, ambalo linaachana na la magharibi pale Bonde la Ufa, polepole kuliko kucha inavyokua. Kwa hivyo zinapaswa kusafiri pamoja. Lakini nguzo yetu ya vipimo vya setilaiti kule Nunguni ilikuwa imesogea upana wa kiganja, peke yake, bila tetemeko. Modeli yangu ikasema kuna ufa unaoteleza kimyakimya. Jumatatu ningeuwasilisha Nairobi. Mkataba wangu ulikuwa unaisha, na bila ufa huo sikuwa na kazi.

Kitui, asubuhi. Nguzo ya huku ilikuwa sawa. Mbuzi alikuwa amelala kivulini mwake.

Njiani, Mukuyuni, nilitafuta lami iliyopasuka. Ilikuwa imepasuka kila mahali. Nilifurahi sana, mpaka mwenye hoteli akaniambia ni malori ya mchanga.

Nunguni, mchana. Ukungu, baridi, kabichi. Nguzo iko shambani kwa Mama Mwende, mjane aliyetupa nafasi. Chini ya nguzo tu, kwenye mteremko, palikuwa na mtaro mpya wa kuzuia mmomonyoko.

"Mama, huu ulichimbwa lini?"

"Kabla ya mvua. Ni mwethya." Mwethya ni majirani wanaochimbiana mashamba kwa zamu. "Hii nguzo yenu ikainama kidogo. Nikasema, ai, serikali itatushika! Tukaisukuma, tukaweka mawe, tukapima na pimamaji ya fundi. Si imenyooka, injinia?"

Ilikuwa imenyooka kuliko tulivyoiacha. Nilitamani kulia.

"Kuna shida?"

"Hakuna, Mama."

"Basi mbona unakaa kama umefiwa? Ingia ule."

Nikala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, sahani mbili. Ulikuwa mtamu, na hilo liliniudhi zaidi.

Kurudi, jioni. Ningeweza kunyamaza, grafu yangu ilikuwa nzuri ajabu. Nilisimama kando ya barabara nikampigia mkubwa wangu, Mkamba mwenzangu.

"Hakuna ufa," nikasema.

"Sasa ni nguvu gani imesogeza hiyo nguzo?"

"Mwethya."

"Shamba walilimaliza?"

"Walilimaliza."

"Haya."

Modeli yangu ilikuwa na joto la ndani ya dunia, uzito wa miamba na mwendo wa mabamba. Jembe sikuliweka. Sasa nimeliweka, kwa kompyuta yangu mwenyewe, nyumbani, maana mkataba haukuongezwa.