Ngoro Moja Ugenini

Watalii walitoka mbali kuja kupiga picha mawe yale yale yaliyokuwa yananiua mgongo. Mji ulikuwa wa kale, kusini mwa Ujerumani, na mitaa yote ya katikati ilikuwa imetandazwa mawe madogo ya mraba. Mwenye afya yake alipita juu yake huku anapiga soga. Mimi kila hatua ilipanda kutoka kisiginoni hadi kiunoni, na nikifika darajani lazima nisimame.

Daraja lilikuwa na sanamu za watakatifu pande zote mbili. Nilimchagua mmoja mwenye ukingo mzuri wa kuegemea, nikawa nasimama naye kila nikitoka kazini mpaka mguu upoe. Bibi mmoja wa mtaani alinikuta hapo mara nyingi, akaanza kuniinamishia kichwa kwa heshima. Alidhani nasali. Sikumsahihisha, maana ndiye mtu pekee wa mtaa ule aliyeonekana kunitambua, na sikutaka kumpoteza.

Maumivu nilitoka nayo nyumbani. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Mkumbi, juu milimani, na likizo moja nilipanda lori kuteremka ziwani kununua usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Lori likayumba kwenye kona, nikadondoka pamoja na magunia. Magunia hayakuumia. Nilihangaika na mgongo mpaka parokia moja ya Ujerumani, iliyokuwa na urafiki na parokia yetu, ikanialika nikatibiwe. Madaktari walinipiga picha za kila namna, kisha wakanieleza kwa upole kwamba hakuna cha kupasua. Maumivu haya nitaishi nayo. Nikapewa vidonge, mazoezi na chupa ya mpira ya maji ya moto. Wenyeji wangu wakanitafutia kazi ya kukunja nguo kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kazi ya kukaa, na chumba kwa mama mmoja mjane.

Yule mjane hakuwa na ubaya wowote. Jioni alikula mkate baridi jikoni kwake, nami nikala mkate baridi chumbani kwangu, ukuta mmoja katikati. Kwetu anayekula peke yake ama anaumwa ama amegombana na watu. Mimi nilikuwa naumwa, lakini sikuwa nimegombana na yeyote, na kuna siku nilitamani nigombane angalau nisikie sauti ya mtu.

Nilikuwa bado sijaamua kama nibaki au nirudi, ndipo padre wetu wa nyumbani alipokuja Ujerumani kwenye mkutano akaniletea salamu za mama. Ile ilikuwa miaka ambayo wanunuzi binafsi walianza kupanda milima yetu na magari yao kuifuata kahawa, baada ya chama cha ushirika kuwa peke yake muda wote tuliokuwa tunaujua. Watu walipagawa na kahawa. Kaka yangu naye, padre akasema, alikuwa anaomba shamba langu apande kahawa. Jumapili mama angeshuka misheni Mbinga asubiri simu, nitoe jibu.

Shamba lile nilipewa na baba kabla hajafariki, na lilikuwa la ngoro, yale mashimo ya mraba tunayochimba kwenye miteremko yetu ili mvua isichukue udongo. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatizana, wanawake wanachimba katikati na kuzifunika nyasi kwa udongo, kisha maharage yanaota juu ya matuta. Ukishapanda kahawa, ngoro imekwisha. Kwa hiyo swali la kaka lilikuwa moja tu: dada, utarudi kulima au hutarudi? Nilitaka kurudi. Nilitaka kupita kiasi, ila mwanamke asiyeweza kuinama na jembe, kule kwetu, ni mgeni kwenye sahani za wenzake mpaka afe, na mimi kwa kiburi nilichonacho nisingeweza.

Nikaamua kujipima. Nyuma ya nyumba mjane alikuwa na bustani yenye mteremko kidogo. Nikamwomba kona moja, akakubali haraka, nadhani alitegemea maua. Jumamosi asubuhi nikameza vidonge, nikakata nyasi kwa mundu wake wenye kutu, nikazilaza vizuri, mraba mmoja, kazi ya mwanamume na mwanamke nikiwa nayo mimi mmoja. Kisha nikaketi kwenye ngazi.

Niliketi muda mrefu. Jua lilipanda, kengele za makanisa zikagongana kama kawaida yao, na mimi bado nimeketi, jembe magotini, bila wasiwasi wowote. Kwetu nyasi zikishalazwa huanzi kuchimba peke yako. Wanawake wa jirani wanakuja na majembe yao, mnachimba pamoja, mnakunywa pombe ya kazi. Ndiyo ngokela. Anayeanza peke yake anawatukana, kama vile anatangaza kwamba hana watu. Ilibidi paka wa jirani apite juu ya nyasi zangu ndipo nikazinduka: nilikuwa nawangoja wanawake wa Mkumbi.

Nilijionea huruma, halafu nikakasirika, na hasira ndiyo iliyoninyanyua. Nikachimba upande wa kwanza, nikafunika. Upande wa pili ukakubali pia, nikaanza hata kupanga maneno ya kumwambia mama. Katika upande wa tatu kitu kikakaza kiunoni, mguu ukaondoka, nikajikuta nimepiga magoti nimeshika udongo.

Mjane alitoka mbio na kiti cha jikoni. Alinikalisha, akalitazama lile shimo la mraba kwa muda, kisha akaniuliza polepole, kwa huruma ya kweli, ni mnyama gani aliyekufa ninayetaka kumzika. Nilicheka mpaka mgongo ukanikataza, na kicheko kikageuka kilio pale pale. Hakujua amfanye nini mtu mzima anayelia bustanini. Akanifunika blanketi, akarudi ndani.

Jumapili wenyeji wangu waliniachia simu ya ofisi ya parokia. Sauti ya mama ilikuja mbali, kwa Kimatengo, lugha yetu, akipiga kelele kana kwamba yuko ng'ambo ya bonde.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgongo unasemaje?"

"Upo."

"Na huko baridi?"

"Ipo."

Nilikuwa nimejiandaa kudanganya kwamba nimechimba ngoro nzima. Haikutoka. "Mama, mwambie kaka apande," nikasema. "Mimi kuchimba siwezi tena."

Nikangoja anikatalie. Nilitaka aseme subiri kwanza, utapona, shamba ni lako. Nilimsikia anavuta pumzi.

"Asante, mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa imetua mzigo. "Umetuondolea aibu. Ameshapanda tangu mvua za kwanza, na miche imeshika vizuri sana. Ila baba yako mkubwa alisema kwenye sengu kwamba mwenye shamba lazima atamke mwenyewe, ndiyo maana tukakusumbua."

Sengu ni pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja na kukata mashauri. Nikaiona sahani, nikawaona wote wameizunguka. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha zamani, padre hajafikiria hata kufunga begi.

Kaka sikumchukia, na simchukii hadi leo. Kilichoniuma ni kwamba siku ile wanachimba mashimo ya miche, watu wangu wote wakiwa pale mteremkoni, hakuna aliyesema tumngoje. Nikamwambia mama kwamba vizuri, awasalimie wote. Akaniambia nijifunike sana, maana nitakaa huko na baridi ya huko si ya mchezo, kisha akamrudishia padre wa misheni simu.