Jina Nililoficha

Miaka ile ya tisini nilikuwa naandika huku nanyonyesha. Meza sikuwa nayo. Daftari nililaza juu ya ndoo yenye mfuniko, mtoto titi la kushoto, kalamu mkono wa kulia. Mama mkwe akipita anauliza, "Bado unachora?" Kidato cha nne nilimaliza, lakini kwenye nyumba ile kuandika hakukuwa kazi. Makala nilimkabidhi kondakta wa basi la Mwanza, ayafikishe kwa mhariri ambaye sura yake sikuijua. Halafu kimya. Mwezi, miezi. Hata barua ya kunitukana hakuna. Nilikuwa namfokea mtoto kwa ajili ya mtu ambaye sijawahi kumwona.

Nikaenda Mwakitolyo kutafuta habari ambayo mhariri hawezi kuitupa. Machimboni pale mwanamke aliye kwenye siku zake haruhusiwi kusogelea duara, yaani shimo la dhahabu. Wachimbaji husema mali itakimbia. Mama mmoja mponda mawe, niliyetajiwa njiani na kuonyeshwa na muuza chai, alininong'oneza huku anacheka: "Mimi najifunga vizuri, naponda. Nikikaa nyumbani siku tano kila mwezi, hawa watakula dhahabu?" Pacha wake walikuwa wamelala juu ya kanga. "Ila jina langu usiweke, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma.

Nikaapa. Na kweli sikuweka. Niliandika "mama mmoja mwenye watoto pacha".

Mhariri akaitoa, tena ukurasa mzima, na kikaratasi juu: "Safi sana. Lete nyingine kama hii." Nilikisoma mpaka kikalainika. Mama mkwe aliligeuza gazeti huku na huku, akasema, "Kumbe."

Huko Mwakitolyo gazeti lilisomwa kwa sauti kwenye kibanda cha chai. Jina la ubatizo la yule mama hakuna aliyelijua pale. Wote walimwita Mama Pacha, na pacha wengine hawakuwapo. Duara lilikuwa limekauka wiki nyingi, sasa wachimbaji wakapata wa kumlaumu. Walimfukuza siku hiyo hiyo.

Niliposikia nilikwenda mbio. Nilimkuta anafunga mizigo.

"Shikamoo, dada."

Aliendelea kukaza kamba.

"Dada, jina sikuweka. Naapa."

"Siku ile ulipokuja, ulimuuliza muuza chai nani yuko wapi?"

Niliangalia mizigo yake.

"Sema."

"Mama Pacha."

"Haya. Sasa ulimficha nani?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga kumlaumu mhariri, na wale wanaume wajinga, na duara lao. Hasira ninayo mpaka leo, lakini pale haikunisaidia. Nilitamani anizabe kofi. Yeye alininyooshea mtoto mmoja.

"Nishikie huyu, nimfunge mwenzake mgongoni."

Nikamshika. Alipomaliza alimchukua mikononi mwangu, akajitwika mzigo, akaenda kusubiri lori la Kahama.