Goti la Okwera

Okwera alikuwa konstebo wa polisi na mkimbiaji wa mbio ndefu. Nilimfahamu kwa sababu mimi hufyeka nyasi za uwanja ambao timu ya polisi ilifanyia mazoezi, pale Naguru, Kampala, na mara nyingi alikaa karibu na toroli langu akifunga goti lake la kulia. Hatukuzungumza sana. Mimi si mtu wa maneno, naye hakunilazimisha.

Goti lilimsumbua tangu mvua za mwaka jana. Daktari alimwambia apumzike mpaka lipone. Lakini mkimbiaji akiachwa na timu hurudi kwenye kazi za kawaida, na hapo anaweza kupelekwa kituo chochote nchini. Okwera hakuweza kuondoka Kampala. Aliishi kambini na mama yake, Abalo, aliyekuja kutoka Kitgum kwa ajili ya macho. Jicho moja lilikuwa limekwisha kufa. La pili lilitibiwa kila wiki katika hospitali moja upande wa Lubaga, na Okwera ndiye aliyemshika mkono kumpeleka. Hapakuwa na mwingine.

Kwa hiyo alifunga goti. Alinyoa vinyweleo, akaosha kwa sabuni, akangoja ngozi ikauke kabisa, kisha akabandika plasta pana, akiivuta pia ya goti iende upande wa ndani. Plasta ikishika vizuri, alikimbia bila kuchechemea.

Siku ya mchujo wa timu, mama aliamka kabla yake. Kwao Waacholi, mwili unaouma hukandwa kwa moo yaa, mafuta mazito ya kokwa za mti wa porini. Okwera alipofumbua macho, mikono ya mama ilikuwa tayari gotini. Alinieleza hayo bombani pale uwanjani, huku akilisugua goti kwa sabuni.

"Ungemwambia aache," nilisema.

"Mama haoni, ndugu yangu. Kitu anachoweza kunifanyia ni hicho tu. Ningemwondoa mikono?"

Mafuta yale yakishaingia hayatoki kwa maji baridi. Plasta ilishika kidogo tu. Ochola, kijana wa timu, akapita akicheka.

"Mzee Okwera! Umefunga goti au umefunga mzigo wa basi la Gulu?"

"Nimefunga breki, nisikuache mbali sana."

Hata mimi nilicheka. Kisha kocha, afande Nabangala, akapiga filimbi.

Mwanzoni alikwenda sawa na wenzake. Halafu plasta ikaachia upande mmoja, ikaning'inia ikimpiga kwenye muundi. Aliinama akaing'oa, akaitupa. Mguu ukaanza kuburuta.

"Okwera, toka!" kocha alimwita. "Utajimaliza!"

Hakutoka. Alifika wenzake wakiwa wamekwisha vaa makoti. Ochola alimletea maji, wala hakufanya mzaha tena.

"Afande, nipe wiki mbili," Okwera aliomba.

"Ndugu yangu, majina yanakwenda makao makuu leo."

Kabla mwezi haujaisha, Okwera aliambiwa kituo chake kipya, mpakani, mbali huko kaskazini mashariki. Nilikwenda kumsaidia kutoa vitu. Mama Abalo alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa, mkoba wake mapajani, uso ameuelekeza mlangoni.

"Mwanangu, vijana wale walikushinda sana?"

"Sana, mama. Wana mbio."

"Nawe umezeeka." Alicheka kidogo. "Na huko tunakokwenda, hospitali ya macho ipo?"

"Ipo."

"Karibu?"

"Karibu, mama. Utaenda kwa miguu."

Okwera alisema hivyo akinitazama mimi. Kituo kile nakifahamu, kaka yangu aliwahi kufanya kazi huko. Kuna zahanati moja yenye muuguzi mmoja, na siku nyingine hata dawa ya malaria hakuna. Mama aligeuza uso upande wangu, kama anayengoja na mimi niseme neno. Nikashika upande wangu wa kitanda, Okwera akashika wake, tukakitoa nje.